Presha za Mwezi wa Usajili

Nimepima presha za watu wa Same na milima yake kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi yenu, wauguzi wenzangu, na kama kuna mwezi niliokuwa nauogopa kazini, si ule wa njaa wala ule wa baridi. Ni mwezi wa usajili wa wachezaji. Rehema, wewe ndiye uliyeniambia siku ile mnaniaga, "Mama Nakijwa, andika, maana haya hatukufundishwa chuoni." Basi naandika. Vyeo nitaviruka, na mshahara mnaujua kwa sababu mnaupokea wenyewe. Nitaandika yale yatakayowasaidia Julai ikifika.

Jambo moja kwanza. Timu zenyewe mnazijua, ni zile mbili kubwa za Dar es Salaam ambazo nchi nzima imegawana. Mimi nitaziita Nyekundu na Njano tu. Nimestaafu, nataka kupumzika, sitaki wageni wenye hasira mlangoni kwangu.

Nilianza kazi kwenye zahanati ndogo huko juu, upande wa Vudee, nikiwa msichana mwembamba mwenye sare iliyonizidi mabega. Gari lilinishusha njia panda nikapanda mlima kwa miguu, sanduku kichwani. Aliyenipokea ni Sista Eliwaza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye wagonjwa walimwogopa kuliko sindano. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama najua kuchemsha sindano na kama naogopa mbwa. Kisha akanionyesha mashine ya presha. Ilikuwa ile ya zebaki, inayofunguka kama kitabu, na yeye aliifunika kwa kanga yake mwenyewe kama mtoto mchanga.

"Hii ikivunjika," akasema, "wilayani hawatuletei nyingine. Wewe ukivunjika, wanaweza kutuletea mwingine."

Mgonjwa wangu wa kwanza wa presha alikuwa mkulima wa makamo aliyeingia ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikamfunga mkanda, nikapampu, nikasikiliza. Zebaki ikasimama mahali ambapo sikuwahi kuiona hata kwenye mtihani. Nikatoka mbio kumwita Sista Eliwaza, na kichwani nimeshaandaa machela na vijana wanne wa kumteremsha mpaka hospitali ya Same. Sista akaja taratibu, akavuta kigoda, akamtazama yule bwana usoni.

"Baba, redio imesema nini asubuhi?"

Yule bwana akafumba macho. "Wamemuuza kipa, Sista."

"Pole. Hebu nieleze."

Akaeleza. Alieleza kuhusu kipa, kuhusu viongozi waliokula pesa ya kipa, na kuhusu beki mpya ambaye hata bibi yake mzaa mama angempita akiwa na mzigo wa kuni. Alipochoka akapewa maji, akakaa kimya, tukampima tena. Bado ilikuwa juu, maana alikuwa mgonjwa kweli na alianza dawa siku hiyo hiyo, lakini hakuwa mtu wa kubebwa kwenye machela.

"Pima mara mbili," Sista Eliwaza akaniambia tulipobaki wawili. "Katikati ya hizo mara mbili, uliza habari za nyumbani, za mvua, na za mpira. Kwa utaratibu huo huo. Wanaume wa huku wanaanza kusema ukweli kwenye la tatu."

Mimi nilikuwa sijui mpira hata kidogo. Nyumbani kwetu tulikuwa wasichana watupu, na baba alikuwa na ng'ombe, hakuwa na redio. Lakini nilijifunza kuuliza. Nilijifunza kwamba mtu akikwambia "winga wetu ameenda upande wa pili," hujibu "afadhali," unasema "duh," kisha unanyamaza. Hiyo "duh" imenisaidia kuliko vitabu viwili nilivyonunua kwa mkopo.

Miaka ikaenda, nikahamishiwa kituo cha afya huku chini Same mjini, kwenye kliniki ya presha na sukari, kila Jumanne. Huku kazi ilikuwa nyingine. Kule juu mgonjwa huja mmoja mmoja, anahema kwa sababu ya mlima. Same wanakuja kwa mkupuo, na upepo unawaletea vumbi la barabara kuu mpaka ndani ya faili. Wanakaa kwenye benchi refu la mbao barazani kusubiri kuitwa. Kuna wauza vitunguu, madereva wastaafu, akina mama wa mkonge, na wafugaji kutoka tambarare na shuka zao na fimbo zao. Na kwa kuwa wanakaa, wanaongea.

Nikaanza kuona kitu. Kuanzia Februari mpaka Mei kliniki yangu ilikuwa tulivu, watu wanameza vidonge, vipimo vinashuka. Ikifika Julai, ligi imesimama, hakuna mechi hata moja, presha zinapanda benchi zima. Ningeelewa kama zingepanda wakati wa mechi. Mganga wetu mfawidhi alisema ni chumvi, kwa sababu ya sikukuu za mavuno. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Nyekundu, na siku moja nilimpima baada ya kusoma habari za usajili kwenye simu yake. Hakusema tena chumvi.

Ukweli ni kwamba wakati wa mechi mtu anaona kwa macho timu yake ilivyo. Kabla ya msimu hakuna anayejua chochote, kwa hiyo kila mtu ana uhakika.

Na wenye uhakika kuliko wote walikuwa wawili. Mzee Eliamini alikuwa fundi mitambo mstaafu wa shamba la mkonge, mrefu, mkavu, Msabato, mtu wa Nyekundu. Mzee Zuberi alikuwa akiuza tangawizi na vitunguu sokoni, mnene, mcheshi, haachi kofia yake, mtu wa Njano. Ujanani walicheza pamoja timu ya shamba la mkonge, mmoja winga na mwingine beki, na tangu hapo hawajaachana. Walikuja kliniki kwa bodaboda moja, mishkaki, dereva mbele na wao wawili nyuma, wakibishana kupitia masikio ya dereva. Yule kijana aliwahi kuniomba na yeye nimpime.

Wakifika, benchi zima linageuka bunge. "Mwaka huu mmekwisha," Zuberi anaanza kabla hajakaa. "Kiungo hamna. Kiungo wenu anatembea uwanjani kama anatafuta funguo." Eliamini anajibu kwa upole wa kuudhi: "Sisi tumesajili kocha. Ninyi mmesajili majina." Hapo mama mmoja wa pembeni, ambaye hakuulizwa, anasema kocha huyo alifukuzwa kwao. Dakika mbili baadaye hakuna kipimo kimoja ninachoweza kukiamini.

Nikabandika karatasi ukutani, herufi kubwa: NI MARUFUKU KUZUNGUMZIA MPIRA KABLA YA KUPIMWA. Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi, na nadhani wanaosema hawakosei sana, kwa sababu kabla gundi haijakauka Mzee Eliamini alikuwa ameshaniuliza kama mpira wa wavu unahusika. Hata hivyo walitii. Jumanne iliyofuata nikasikia wanazungumza ng'ombe, nikafurahi kweli.

"Hilo dume jipya mmelitoa wapi?" Zuberi aliuliza.

"Kongo," Eliamini akajibu.

"Mmelikagua miguu?"

"Mguu wa kushoto ni hatari tupu. Wa kulia wa kusimamia."

"Na umri?"

"Wameandika ishirini na mbili."

Kwenye benchi hilo alikuwepo Mzee Lesika, mfugaji kutoka upande wa Ruvu, mtu asiyekuwa na maneno mengi. Alikuwa anakuja kwa ajili ya sukari tu, presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Aligeuka polepole.

"Ng'ombe wa miaka ishirini na miwili?"

Wale wazee wakatazamana. Karatasi ilikuwa juu ya vichwa vyao. "Ndiyo," Eliamini akasema.

"Na mmenunua?"

"Tumechukua kwa miaka mitatu."

"Mzee wangu," Lesika akasema kwa huruma ya kweli, "huyo hana miaka mitatu. Huyo hafiki masika. Nani aliwauzia?"

"Wakala," Zuberi akasema, akauma kofia yake.

"Mkamateni!"

Mimi niliyekulia zizini nikaingilia. Nikamwambia Mzee Eliamini kwamba dume la umri huo, tena linalosimamia mguu mmoja, alirudishe lilikotoka kabla halijaambukiza mengine, na kama kuna daktari wa mifugo aliyelipitisha basi anyang'anywe kazi. Zuberi akalala kwenye benchi. Akina mama wakajifunika kanga nyuso. Ni mfawidhi aliyetoka ofisini, machozi yanamtoka, akanieleza. Nilibandua ile karatasi mwenyewe. Mzee Lesika naye alielezwa, akafikiri, akauliza hilo dume linaonekana wapi. Mwaka uliofuata alikuwa mtu wa Njano kamili, kwa sababu alisema wao wananunua ndama. Presha yake ikapanda kidogo.

Baada ya hapo nikafanya kile ambacho bado mnakitumia. Nikaomba benchi la pili, nikaliweka upande wa pili wa jengo, karibu na dirisha la dawa. Benchi la kwanza ni la kusubiri, kimya, miguu chini, mgongo umeegemea. Ukishapimwa mara mbili unakwenda benchi la pili, huko sema unachotaka. Wao wenyewe wakaliita benchi la ufundi. Watu wakaanza kuwahi kliniki ili wapimwe mapema wafike benchi la ufundi, na waliokuwa wakikosa Jumanne wakapungua. Msiliondoe hilo benchi, hata akija mkaguzi kuuliza ni la nini. Mwambieni ni la wagonjwa, na ndivyo lilivyo.

Sasa nifike kwenye ile kesi ngumu, ilikuwa Julai yangu ya mwisho kazini.

Mshambuliaji wa Nyekundu, ambaye Mzee Eliamini alikuwa amemsifia mwaka mzima mpaka akamwita mwanangu, alihamia Njano. Habari ilitoka Jumanne asubuhi, wao wakiwa tayari kwenye benchi la ufundi. Zuberi alicheka, akapiga makofi, akasimama akacheza kidogo. Eliamini hakusema kitu. Nadhani ni kule kunyamaza kulikomchokoza Zuberi, maana yeye amezoea kujibiwa. Akaendelea kutafuta mahali pa kumgusa mpaka akapapata.

"Timu yenu imekuwa kama wewe mwenyewe," akasema. "Jina kubwa, pumzi hakuna. Kupanda ngazi tatu tu, mpaka mkono ushikwe."

Wote tulijua kwamba mwaka ule moyo wa Mzee Eliamini ulikuwa umeanza kuchoka, na aliyekuwa akimshika mkono kwenye zile ngazi tatu za baraza alikuwa Zuberi huyo huyo. Eliamini akachukua vidonge vyake dirishani, akapanda bodaboda peke yake.

Mwezi uliofuata hakuja. Nikadhani ana safari. Nikamwuliza Zuberi, akasema, "Atakuja. Ananuna." Kofia ilikuwa mkononi, anaizungusha. Wiki nyingine ikapita, nami najua vidonge vyake vimeshakwisha. Kwa mtu wa hali yake hilo si jambo la kusubiri. Nikampigia mkewe, Mama Elinaja, akaniambia mzee anakunywa maji ya vitunguu saumu na anasema yuko vizuri, ila kiatu cha kushoto hakimwingii tena.

Nikachukua bodaboda mpaka kwao, juu kidogo ya Mwembe. Nilimkuta ameketi nje kwenye kivuli cha nyumba, blanketi magotini, redio imezimwa. Hiyo redio iliyozimwa iliniogopesha kuliko miguu yake iliyovimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sista. Umetumwa?"

"Nimejituma. Lete mkono."

Nilimpima mara mbili. Habari za nyumbani nikauliza, za mvua nikauliza. Za mpira sikuthubutu. Vipimo vyote viwili vilikuwa vibaya, nikamwambia waziwazi kwamba akiendelea hivi ni kiharusi, au moyo kusimama, na kwamba dawa ninazo mkobani lakini lazima aje kliniki aonwe na daktari.

"Siketi benchi moja na yule mtu."

"Njoo Jumatano. Nitakufungulia mwenyewe."

"Nije Jumatano?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Halafu aseme nimemkimbia?"

Mama Elinaja, aliyekuwa akichambua maharage ya makande hapo mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo bora ufe, ili asiseme."

"Akisema nikiwa nimekufa sitamsikia."

Nimewahi kumbishia mgonjwa kuhusu chumvi, kuhusu gongo, kuhusu waganga wa kienyeji. Sikuwahi kukutana na ugonjwa huu. Alikubali kumeza vidonge vya siku zile mbele yangu, basi. Nikateremka mpaka sokoni Same, nikamkuta Zuberi nyuma ya rundo la tangawizi, hana mteja, hana utani. Nikamweleza kiatu kisichoingia. Mikono yake ikatulia juu ya mizani.

"Sikumaanisha vile, Sista."

"Najua. Nenda ukamwambie."

"Nitamwambiaje? Nikiomba radhi atafikiri nimekubali yote. Atasema nimekiri kwamba yule mshambuliaji amezeeka. Nami sijakiri!"

Mzee huyu alikuwa na machozi machoni, Rehema, na bado anamlinda mshambuliaji. Nikaketi kwenye gunia la vitunguu tukatunga radhi, mimi na yeye, sentensi kwa sentensi, kama mawakili. Tulitenganisha mtu na timu. Tulitoa neno "ngazi." Tulibishana sana juu ya neno "pumzi," yeye akitaka libaki kwa upande wa viungo wa Nyekundu, ambao alisema kwa kweli hawana.

Kesho yake tukapanda Mwembe, mishkaki, mimi nimekaa katikati. Mama Elinaja akatukaribisha, akaweka makande mezani. Wazee wakasalimiana bila kutazamana. Tukala. Nilisikia kila punje ikitafunwa. Mwishowe Zuberi akavua kofia, kitu ambacho sikuwahi kukiona, akasimama.

"Ndugu yangu Eliamini. Nilichosema kuhusu mtu, nakifuta. Kilikuwa kibaya na kimeninyima usingizi. Nilichosema kuhusu timu, kinabaki."

Eliamini akaendelea kutafuna. "Chote?"

"Chote."

"Mpaka mabeki?"

Zuberi akanitazama mimi. Mabeki hatukuwa tumewajadili. "Mabeki," akasema polepole, "naweza kupunguza."

"Punguza."

"Beki wa kulia si mbaya."

"Si mbaya?"

"Ni mzuri! Beki wa kulia ni mzuri, Eliamini, Mungu ananiona. Umekonda, ndugu yangu. Twende kliniki."

Mzee Eliamini akafuta mdomo kwa kitambaa, akamwambia mkewe alete viatu. Kiatu cha kushoto kilikataa, akavaa ndala. Zuberi alimshika mkono kuteremka mpaka barabarani, na kabla hawajafika kwenye bodaboda nilisikia jina la kiungo likitajwa. Sikumbuki kufurahia mpira kama siku ile.

Daktari alimbadilishia dawa, akampa ya kupunguza maji mwilini, na baada ya Jumanne chache vipimo vikashuka, kiatu kikaingia. Lakini mechi ya ngao ya kufungua msimu ilikuwa inakaribia, na kwa bahati yao ilikuwa Nyekundu na Njano. Niliwakataza. Wakasema watakwenda kuangalia kwenye kibanda umiza kule nyuma ya gereji, ambako watu hubanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja, nitake nisitake. Nikasema basi na mimi naenda, na mashine naibeba. Ilikuwa Jumapili alasiri. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijaangalia mechi kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nikakaa katikati yao. Mapema kabisa, kipa wa upande wa kushoto aligongwa mbavuni kwa goti, akaanguka. Nikasimama. Ile ni mbavu, jamani! Aliinuka, akaendelea, na tangu hapo nikawa naye. "Kaza, mwanangu!" nilipiga kelele, na Mzee Eliamini akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeletewa mjukuu, kwa kuwa kipa yule alikuwa wa Nyekundu.

Wakaenda mapumziko, wakarudi. Niliona kipa wangu wa kushoto amebadilisha jezi, nikasema moyoni angalau timu hii inajali usafi. Nikaendelea kumshangilia kwa nguvu zaidi. Sasa Mzee Zuberi ndiye aliyekuwa ananitazama kwa furaha, na Eliamini amekunja uso, lakini hakuna aliyeniuliza kitu, maana kibanda kizima kilikuwa kinapiga kelele.

Dakika zikaisha, hakuna bao. Wakasema penalti. Niliwatazama wazee wangu. Eliamini midomo imekauka, Zuberi mshipa wa shingo unacheza.

"Nje," nikasema. "Wote wawili."

"Sista!"

"Nje! Nitawatangazia."

Wakatoka kwa unyonge wakasimama nyuma ya ukuta wa mbao, nami nikasimama juu ya benchi karibu na tundu la dirisha. Ya kwanza ikaingia, nikasema imeingia. Ya pili ikaingia, nami macho yako kwenye mpira tu. Halafu kipa akaruka, akaupangua mpira.

"Amedaka!" nikapiga kelele dirishani. "Kipa wangu amedaka!"

Nje kukalipuka. Nilichungulia, nikaona wazee wawili wamekumbatiana, wanarukaruka taratibu kwa miguu yao mibovu, wote wawili wanashangilia. Nikashangaa. Nikarudi kwenye televisheni, na hapo nikaona kitu cha ajabu.

"Ngojeni kwanza," nikasema dirishani. "Kipa wangu ametoka. Ameingia mwingine golini kwake. Kwani wako wawili?"

Nje shangwe ikakatika. Kisha sauti ya Eliamini: "Sista, wewe kipindi cha kwanza ulikuwa unamshangilia nani?"

"Yule wa kushoto."

"Na kipindi cha pili?" Zuberi akauliza.

"Yule yule. Wa kushoto."

"Sista," Zuberi akasema, na sauti imeanza kumkatika, "wakati wa mapumziko wanabadilishana magoli."

Hapo walianza kucheka. Walicheka mpaka wakashika mbao za kibanda, na kibanda kikatikisika, mwenye televisheni akatoka kugomba. Eliamini aliketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani. Nikatoka mbio na mashine, nikiamini nimewaua mwenyewe, nikamfunga mmoja mkanda huku mwingine ananielekeza nimpime yeye kwanza, na wakati nahangaika hivyo ndani ya kibanda watu wakapiga yowe la mwisho. Mechi imekwisha, na hakuna hata mmoja wetu watatu aliyeona penalti iliyoamua. Ikabidi tuulize kijana aliyekuwa anatoka. Yule ambaye timu yake ilifungwa alikuwa ameshacheka mno, hakuweza tena kununa. Vipimo vyao vilikuwa vinavumilika.

Walinisindikiza mpaka njia panda, wakibishana kuhusu mimi. Eliamini alidai kwamba chaguo la kwanza la mtu ndilo la moyo. Zuberi alidai kwamba chaguo la pili mtu huwa ameshafikiri. Nilipostaafu walikuja wote wawili kuniaga, mishkaki kama kawaida, na kila mmoja alikuwa amebeba jezi ya timu yake ndani ya mfuko wa karatasi.

Nimezipokea zote mbili. Huku kwangu milimani kuna baridi, kwa hiyo navaa sweta juu na hakuna jirani anayejua kilichopo ndani. Jezi moja imeshafubaa kwa kuvaliwa, kola imelegea. Nyingine bado ina mikunjo ya dukani. Wazee wameshanipigia simu kuuliza, mfawidhi naye ameuliza, na wewe Rehema najua utauliza. Ipi ni ipi, hiyo ni siri ya mgonjwa, na ninyi mnajua tulivyoapa.